Ukipata ajali ya gari Uganda: linda mwili, kisha linda karatasi

Nilikuwa askari wa trafiki. Kiswahili changu ni cha Kibuli, chuo cha polisi, kile cha kwata na "ndiyo afande", halafu Malaba, mpakani na Kenya, ikakinyoosha, maana dereva wa lori aliyetoka Mombasa huwezi kumhoji kwa Kisamia. Barabara niliyoijua kuliko zote ni ile inayotoka Iganga, inapita Bugiri, inakata msitu wa Busitema na kwenda kutokea mpakani. Nimepima tairi lilikoburuzika kwa futi ya kamba, usiku, mvua inanyesha, tochi nimeibana kwapani.

Sasa nimestaafu, na watu wananifuata nyumbani. Wengi huja miezi mingi baada ya ajali, mguu umepinda, na swali ni moja: "Mzee, nitalipwaje?" Mara nyingi haki wanayo, tena ya wazi. Wasichokuwa nacho ni karatasi. Ripoti ya polisi ya mwaka 2024 ilihesabu vifo zaidi ya 5,000 katika barabara za Uganda, na waliojeruhiwa vibaya ni wengi kuliko waliokufa. Naandika kwa ajili ya hao waliobaki hai.

Pale pale barabarani

Kabla ya yote, zuia ajali ya pili. Lori linaloshuka kilima gizani halikuoni. Tuma mtu mwenye akili timamu nyuma, mbali, apunge kitambaa au tawi. Kama lililoanguka ni lori la mafuta, kimbia na uwakimbize wengine. Namungoona, Kampala, mwaka 2013 watu zaidi ya 30 walikufa kwa moto baada ya ajali ya namna hiyo, na wengi walikuwa wameisogelea petroli.

Piga 999 au 112. Anayevuja damu, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na usiinue mkono kila mara kuchungulia. Asiyepata fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu, kichwa na shingo vikienda pamoja na mwili. Usimpe maji wala soda. Najua tumelelewa kumpa mgonjwa kitu cha kunywa, ila akihitaji kupasuliwa saa hiyo, soda hiyo itamletea taabu kwenye dawa ya usingizi.

Lililonikera miaka yote ni hili la kumpakia majeruhi kwenye bodaboda, katikati ya watu wawili, kichwa kinaning'inia. Uti wa mgongo uliopata ufa unaweza kukatika hapo hapo, na mtu ambaye angetembea tena akabaki kitandani. Tafuta pikapu. Ng'oa mlango au tafuta ubao, mviringisheni watu wanne kwa pamoja, mmoja akishika kichwa tu.

Na usimtangaze mtu kuwa amekufa. Oktoba 2025, ile ajali kubwa ya barabara ya Kampala kwenda Gulu, wilayani Kiryandongo, polisi walitangaza kwanza waliokufa 63, halafu wakarekebisha kuwa 46. Walieleza kwamba baadhi ya waliokutwa wamezirai huenda walihesabiwa pamoja na maiti. Weka sikio puani, tazama kifua, hesabu polepole.

Kama wewe ndiye dereva, sheria inakutaka usimame, usaidie, utoe jina lako na uripoti polisi. Lakini nami si mtoto, nawajua watu wa kando ya barabara wanavyoweza kugeuka. Ukiona mawe yanaokotwa, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, ujitaje na ueleze. Aliyekimbilia kituoni hatazamwi sawa na aliyekimbilia kijijini kwao.

Majeraha yanayojificha

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo watu wanapopotea. Mke wangu alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi. Nusu ya haya nimeyapata kwake mezani, nusu nimeyaona mwenyewe.

Kichwa kwanza. Niliwahi kumkuta kijana wa bodaboda karibu na Naluwerere, kaanguka, kainuka, anadai pikipiki yake kwa sauti. Wenzake wa steji wakamchekelea, wakamkalisha kivulini. Baada ya muda akaanza kulalamika kichwa, akatapika, akasinzia. Damu ilikuwa inajikusanya taratibu ndani ya fuvu, na ubongo hauna pa kusogea. Kwa hiyo aliyegonga kichwa, hata akitembea, mkae naye angalau siku nzima. Maumivu yakizidi, akitapika tena na tena, akiongea ovyo, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, mkono au mguu mmoja ukilegea, damu au majimaji yakitoka sikioni au puani, ni hospitali yenye skani, usiku huo huo.

Shingo ni ugonjwa wa abiria wa matatu iliyogongwa kwa nyuma. Siku ya ajali utasema sijambo. Kesho asubuhi hugeuki. Mara nyingi ni misuli na kano zimevutika, na hupoa kwa wiki kadhaa. Lakini ganzi mikononi, vidole kukosa nguvu, au mkojo kukataa kutoka si misuli tena. Hapo usikandwe na mtu yeyote. Lala chali upelekwe.

Tumbo na kifua ndivyo vinavyoua kimya kimya. Usukani, mkanda, au mpini wa pikipiki ukikupiga tumboni, wengu au ini vinaweza kupasuka bila ngozi kuchubuka. Angalia tumbo linalokuwa gumu, jasho la baridi, mapigo ya moyo ya haraka, midomo kupauka. Kuna dalili moja ambayo mke wangu aliirudia kila mara: maumivu ya bega la kushoto ambalo halikugongwa. Damu iliyomwagika chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu yake hujitokeza huko begani. Mkojo ukiwa na damu, fikiria figo.

Miguu ndiyo mingi kuliko yote. Muundi wa mwendesha boda hukutana na bampa ya gari, na mfupa huchungulia nje. Funika kwa kitambaa safi, usiurudishe ndani, fika hospitali haraka uoshwe, upewe dawa za kuzuia usaha na sindano ya pepopunda. Paja likivunjika, mtu anaweza kupoteza damu zaidi ya lita moja ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Aliyekaa kiti cha mbele, goti likigonga dashibodi, huenda nyonga imetoka mahali pake, na nyonga hiyo hairudishwi kesho kutwa. Ikicheleweshwa, damu haifiki kwenye kichwa cha mfupa na kiungo kinakufa.

Ukishawekwa plasta, usifikiri umemaliza. Kama vidole vinakuwa baridi, vinabadilika rangi, vinakufa ganzi, au maumivu yanapanda ingawa umemeza dawa, rudi saa hiyo hiyo plasta ipasuliwe. Fundi wa mifupa wa kijijini namheshimu kama mzee, lakini vile vijiti anavyovifunga na kukaza kwa mpira wa tairi nimeviona vikileta mguu mweusi hospitalini, na mguu mweusi hukatwa.

Kuungua na ekzosi ya pikipiki, mimina maji safi ya baridi kwa dakika ishirini. Dawa ya meno iache msalani kwako. Usingizi ukikupotea baada ya ajali, ukashtuka kwa kila honi, huo nao ni ugonjwa, mwambie daktari.

Mwambie nini hasa? Kila kitu, hata kidogo. Hapa mwili unakutana na kesi. Ikiwa siku ya kwanza daktari aliandika "michubuko goti la kulia" peke yake, na miezi mitatu baadaye unalalamikia mgongo, wakili wa upande wa pili atauliza mgongo huo uliumia kwenye ajali gani. Maumivu yaliyojitokeza kesho yake, rudi nayo yaandikwe kesho yake, yakiwa na tarehe na jina la aliyekupima.

Karatasi za polisi

Ajali ikisajiliwa kituoni hupewa namba. Sisi tunaiita namba ya TAR, yaani ya daftari la ajali za barabarani. Iandike pamoja na jina la kituo na jina la askari anayepeleleza. Ukiwa nayo, hata askari akihamishwa, jalada lako linatafutika. Ukiwa huna, utaambiwa "rudi wiki ijayo" mpaka uchoke.

Pili, omba fomu ya polisi namba tatu, PF3. Ndiyo daktari anayoijazia majeraha yako. Fomu hiyo ni bure. Mtu asikuuzie. Hali ikiwa mbaya, tibiwa kwanza, ndugu afuate fomu baadaye. Ikishajazwa, piga picha kurasa zote kabla ya kuirudisha, maana itaingia kwenye jalada na jalada lina safari zake.

Tatu, maelezo yako. Yatoe ukiwa na akili iliyotulia, kwa lugha unayoimudu, Kiswahili kikiwemo. Yakishaandikwa, usomewe kabla ya kutia sahihi. Usikisie mwendo wa gari kama hukuona. Sema ulichoona: lilitoka upande gani, taa zilikuwaje, breki zilisikika au la.

Picha. Siku hizi kila mtu ana simu, lakini watu wanapiga picha za damu. Damu haisaidii mahakamani. Piga magari yalipokaa kabla hayajasogezwa, alama za tairi, vioo vilipomwagika, shimo la barabara kama lipo, stika ya bima kwenye kioo, na namba za gari. Malori ya njia yetu yana mtego wake: kichwa kina namba yake na trela ina namba nyingine. Piga zote mbili. Na chukua namba za simu za mashahidi, hasa yule mama wa chapati na yule kijana wa steji, kwa sababu mwezi ujao kibanda kitakuwa kimehamia kwingine.

Magari yaliyogongana hupelekwa kituoni yakaguliwe na mkaguzi wa magari. Breki zilikuwa nzima? Tairi zilikuwa na meno? Ripoti yake pamoja na mchoro wa eneo ni mifupa ya kesi yako. Una haki ya kuomba ripoti ya polisi ya ajali. Iombe kwa maandishi, wewe au wakili wako.

Sasa jihadhari na karatasi mbaya. Hii nimeiona ikitiwa sahihi chini ya mwembe, kwenye ukurasa uliochanwa daftari la shule: "Mimi fulani nimepokea shilingi 300,000 kutoka kwa dereva, na sina dai lolote tena juu yake wala juu ya mwenye gari." Dole gumba la bluu, muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, basi. Mguu bado uko kwenye plasta na mgonjwa hajajua kama atatembea. Pesa ya matibabu ipokee, una njaa na una madeni, hakuna atakayekulaumu. Ila iandikwe hivi: "Nimepokea kiasi hiki kwa ajili ya matibabu ya mwanzo, na madai yangu mengine yanabaki." Akikataa maneno hayo, umeshajua alitaka kununua nini.

Dereva naye ana haki zake. Asishikiliwe zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mahakamani, kwa mujibu wa Katiba, na dhamana ya polisi hailipiwi.

Nani analipa

Watu wengi hungoja kesi ya dereva imalizike, wakidhani hukumu itawaletea pesa. Dereva akipigwa faini, faini inaingia serikalini. Hakimu anaweza kuamuru mwathirika afidiwe, lakini usiweke sufuria jikoni kwa kutegemea hilo. Fidia yako ni kesi nyingine, ya madai, unayoifungua wewe.

Kila gari lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, kwa sheria ya mwaka 1989. Inamlinda aliyegongwa, si dereva mwenyewe. Ubaya wake, ambao waendesha magari wenyewe hawaujui, ni kwamba malipo yamewekewa kikomo cha shilingi milioni moja kwa mtu mmoja, na milioni kumi kwa ajali nzima. Milioni moja haitoshi hata vyuma vya paja. Ichukue, maana ni yako, lakini isome karatasi ya kampuni kabla ya kusaini, kama ulivyosoma ile ya mwembeni. Kampuni ikikuzungusha bila sababu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, yenye ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wananchi.

Kilichobaki dai kwa mwenye gari. Dereva aliyeajiriwa akikosea akiwa kazini, mwajiri wake anabeba. Kwa hiyo tafuta jina lililo kwenye logbuku, ile kadi ya umiliki wa gari, usihangaike na kijana aliyeshika usukani ambaye hana hata godoro. Lori likiwa la nje, la Kenya au Rwanda, uliza Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Ni bima ya mtu wa tatu inayovuka mipaka, na inalipa kwa kufuata sheria ya nchi ajali ilikotokea. Piga picha ya kadi hiyo lori likiwa bado kituoni. Likishavuka Malaba kurudi, utalifuata kwa barua.

Mahakama hutenga mafungu mawili. Kuna gharama ulizotoa mkononi: dawa, eksirei, nauli, mtu wa kukuuguza, mapato uliyokosa. Hizi zinahitaji kuthibitishwa moja moja. Hospitali ya serikali haitakutoza kitanda cha wodi ya kawaida, lakini glavu, plasta na dawa zikikosekana utatumwa duka la nje. Dai risiti, hata ya shilingi 5,000, uitie kwenye bahasha moja na PF3. Fungu la pili ni maumivu, ulemavu, na maisha yaliyobadilika. Hilo hakimu hulipima kwa busara yake, akiongozwa na ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu.

Ukikutwa nawe una sehemu ya kosa, mathalani hukuvaa helmeti au ulivuka bila kuangalia, fidia inapunguzwa kwa kiasi cha kosa lako. Haifutiki. Wengi hukaa kimya kwa aibu kwa sababu hii.

Ukiumia kazini, au ukiwa njiani moja kwa moja kwenda au kutoka kazini, sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamgusa mwajiri wako, hata kama ulikuwa na uzembe wako. Taniboi wa lori, soma hapa mara mbili. Mjulishe mwajiri kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, nakala kwa afisa wa kazi wa wilaya. Mfanyakazi akifa, au akilemaa kabisa, fidia ni mshahara wa miezi 60. Mwanachama wa NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, aliyelemaa moja kwa moja anaweza pia kuomba akiba yake.

Saa inavyotembea

Dai la majeraha lina miaka 3 tangu ajali. Gari likiwa la serikali, ni miaka 2. Aliyekufa, mke, mume, watoto na wazazi wake wana miezi 12 tangu kifo, na huu ndio muda unaowaponyoka wengi, kwa sababu msiba wenyewe unakula nusu mwaka.

Dai lisilozidi shilingi milioni 20 hupelekwa kwa hakimu wa daraja la kwanza, hadi milioni 50 kwa hakimu mkuu, zaidi ya hapo Mahakama Kuu. Asiye na uwezo aulize Justice Centres Uganda, FIDA-Uganda (chama cha wanasheria wanawake), au mradi wa msaada wa kisheria wa chama cha mawakili. Tororo hapa tunayo Justice Centre, na nimewatuma watu huko.

Wapo madalali wanaozunguka wodini na fomu, wanaita wagonjwa "ndugu yangu" kabla hawajajua jina. Usitie sahihi ukiwa kitandani. Wakili anayekwambia mtagawana fidia nusu kwa nusu anavunja kanuni za kazi yake mwenyewe, kwa hiyo mkubaliane ada inayojulikana, kwa maandishi, na kila ukilipa udai risiti. Halafu mara moja moja nenda mwenyewe kwenye masijala ya mahakama, ukataje namba ya kesi yako uonyeshwe jalada. Nimewajua watu walioambiwa mwaka mzima kwamba kesi inaendelea, kumbe haikuwahi kufunguliwa.